Goti la Modest

Dada Levina, shikamoo. Ni mimi mdogo wako Nyamizi.

Huo mchoro wa wino hapo juu si wangu, ni wa mwanao Aleki. Sasa hivi tu kaninyang'anya kalamu, na bado anacheka. Kwa hiyo ujue mtoto mzima, na mimi mzima. Nyie huko Goweko mmeamkaje? Mama mkwe mgongo umepoa? Naomba Mungu mvua isiwaharibie tumbaku.

Mwenye shida ni shemeji yako Modest. Goti limevimba kama papai. Wenzake wanamwita bibi harusi, eti anatembea kwa maringo. Na kesho ndiyo mechi, watu wa timu kubwa ya Dar wanakuja kutafuta kiungo.

Nilikwenda kwa Kocha Aleki, yule Mskoti tuliyempa mtoto jina lake. Nikasema somo wa mtoto ni ndugu, hatanificha. Kweli hakunificha. Alisema huko kwao naye alikuwa kiungo wa kulipwa, uwanja mzima ukiimba jina lake. Goti likauma, daktari wa timu akamchoma sindano ya ganzi, akacheza. Likauma tena, akachomwa tena. Siku moja likakatika ndani, yeye hasikii kitu, anakimbia tu. Mpira wake ukaishia hapo. Mpaka leo kanisani hawezi kupiga magoti.

Nikalia, nikamwambia basi mkataze Modest. Akamtazama somo wake mgongoni kwangu. Halafu akasema sindano ya Modest iko tayari, ni mechi moja tu, nafasi kama hii hairudi. Mtu yuleyule, dada! Modest naye akaniambia ninyamaze, mwanamke najua nini kuhusu mpira.

Sasa nikwambie. Mfuko aliokuletea Mussa pamoja na barua hii si nguo za mtoto. Ni viatu vya Modest vya mpira. Mguu wake unavyoujua ulivyo mkubwa, Tabora nzima hapati vingine, hata vya kuazima. Vifiche. Atanichukia, najua, lakini atatembea, atamkimbiza mwanawe, na goti likipona timu zipo nyingi.

Wasalimie wote, shemeji na watoto. Mussa amesimama mlangoni, treni haimsubiri. Modest naye anaita toka uani, anauliza viatu vyake viko wapi, wacha niende nikamwambie kwamba...