Mayu, Wamekuvalisha Ngozi ya Chui

Mayu,

Mama yangu, wewe sasa ni malkia wa msituni. Kasema hivyo mwongozaji wa filamu, kijana kutoka Dar es Salaam, jana alipotuonyesha filamu yake ukumbini hapa Bariadi. Amechukua ile hadithi ya zamani ya shujaa wa msituni, mwanamume anayerukaruka mitini huku mwanamke akipiga mayowe chini, akaigeuza iwe ya watu wazima. Sasa mwanamke ndiye anayemuua simba. Mwanamume ndiye anayelia.

Nimeripoti habari miaka mingi, nimezoea kusikiliza upuuzi bila kukunja uso. Nilikaa mpaka mwisho.

Msitu huo sijui wameutoa wapi. Kijijini kwetu Nkoma ni pamba na mbuga mpaka macho yachoke. Wameweka na maporomoko ya maji, maana malkia lazima aoge, tena polepole. Ngozi ya chui waliyokuvalisha inaishia mapajani. Ukishamchoma simba, unautupa mkuki na kumwangukia kifuani yule mliaji. Ndio utu uzima wao huo: wamempa mwanamke mkuki, wakamvua nguo.

Siku yenyewe ulipomuua simba, ulikuwa umejifunga kanga mbili. Wanaume walikuwa mnadani Lalago, simba akaingia zizini alfajiri, ukachukua mkuki wa baba kwa sababu ndama walikuwa wanaliwa. Basi. Muuaji wa simba hucheza ngoma kwa ndugu, nyumba hadi nyumba, akatuzwa mifugo. Wazee wakasema mwanamke hachezi simba. Akacheza baba mdogo Masunga, ambaye alimkuta simba ameshachunwa. Wewe ukasema, "Mwacheni acheze. Mie nina pamba ya kuchuma."

Jana baba mdogo alikaa kiti cha mbele, eti mshauri wa mila. Akaulizwa habari zako. "Shemeji alikuwa jasiri," akasema, "ila simba yule nilimcheza mimi." Wakampigia makofi. Hakudanganya, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa wanataka waandike mwanzoni mwa filamu kwamba hicho ni kisa chako cha kweli, na jina lako. Wanahitaji idhini ya familia. Baba mdogo ameshakubali. Kaka anasema atafuata nitakalosema mimi.

Nitakataa, Mayu. Filamu waonyeshe wapendavyo. Jina lako hawalipati.

Kaka amelihamisha zizi. Nimemwomba aiache nguzo moja, ile uliyoishika simba alipoanguka. Ulitetemeka, Mayu. Ulitetemeka mpaka meno yakagongana, kisha ukaniambia nikalete maji. Hilo hawakuliweka.

Pumzika kwa amani. Kikao cha familia ni Jumamosi asubuhi, nyumbani. Pamba imepasuka, na nimemwambia baba mdogo aje na gunia lake: tukishamaliza kusema tunaingia shambani, na safari hii naye atachuma.