Daraja Kati ya Vilima Viwili

Muzee Muhindo, mwalimu wangu,

Ninakuandikia nikiwa Goma, nyumbani kwa mama Kavira, muke wako. Anakusalimia. Nami nimemaliza, Muzee. Nimekuwa dokta wa kemia.

Unakumbuka kule kambini Kibati, vita vilipotufukuza Rutshuru? Wengine waliomba shitingi, lile turubai la misaada, ya kulala chini yake. Wewe uliomba na ya kufundishia. Ulituambia kuna molekuli mapacha, zinafanana kama mukono wa kushoto na wa kuume, na dawa ya upande mumoja inaweza kuponya, ya upande mwingine isifanye kitu. Nikauliza kama wa kushoto unaweza kugeuka wa kuume. Wenzangu walicheka. Wewe ulisema, "Furaha, hilo silijui. Kalitafute, urudi unifundishe."

Nilivuka mupaka wa Bunagana na mufuko mumoja, nikafika Kampala. Katika labo ya chuo kikuu nilipitisha dawa ndani ya bomba jembamba lililojaa unga unaokawiza upande mumoja kuliko mwingine. Pande mbili zinatoka moja mbele, moja nyuma, na masini inachora vilima viwili. Vyangu vilikataa kuachana. Katikati palikuwa na kitu kama daraja. Mukubwa wa labo alisema bomba limekufa, nibadilishe somo.

Juma lile lile wakanipigia simu kutoka Goma kwamba umefariki. Njia ilikuwa imefungwa na vita. Sikuweza kuja kukuzika, Muzee... Sikuwa na matanga ya kukaa, basi nikakaa na masini.

Nikalipoza bomba: daraja likapotea, vilima vikasimama mbalimbali. Nikalipasha joto: daraja likapanda, mwisho kikabaki kilima kimoja kipana. Bomba lilikuwa zima. Molekuli zilikuwa zinageuka njiani, na kimo cha daraja kilinionyesha kasi yao. Ndiyo, Muzee. Wa kushoto unageuka. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, nikacheka na machozi yakitoka.

Walitaka nibaki Kampala. Nimekataa. Jumatatu naanza kufundisha hapa, na nimehamia chumba cha nyuma cha nyumba yenu. Mama Kavira tayari ananigombeza kwa kuchelewa kula. Nakuahidi hatazeeka peke yake.

Pumzika salama, Papa. Ananiita, sombe ya majani ya muhogo imeiva.

Mutoto wako,
Furaha