Karatasi ya Kuomba Radhi

Iloilo, 14 Februari 1994

Nanay mpendwa,

Naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu kwa heshima, ingawa milima yote ya Antique iko katikati yetu. Kifua kimepoa, mama, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unachemka.

Wanasema nimefanya kosa. Mimi nasema sikufanya. Hebu sikiliza wewe uliyezalisha nusu ya kijiji.

Alhamisi, Madamu Villaruz, mwalimu wetu wa wodini, alinipa wagonjwa wawili katika wodi ya wanawake. Mmoja ni Donya Consuelo, mama yake diwani. Nimwogeshe na kumbadilishia shuka kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu diwani anakuja na wageni. Wa pili ni Nelia, miaka kumi na tisa, kajifungua alfajiri ile. Donya akawa anaita kila dakika: maji ya moto mno, maji ya baridi mno, sabuni gani hii inanuka hivi! Nelia hakuita hata mara moja. Kila nikipita, mama mkwe wake aliyekuwa akimlinda ananiambia, "Endelea na kazi zako mwanangu, huyu wetu hana usumbufu." Wauguzi nao wanamsifu, mgonjwa mwema huyo.

Nipo nampaka Donya sabuni mgongoni, nikatupa jicho kwa Nelia. Anajigeuzageuza, midomo imepauka, kavuta blanketi mpaka kidevuni na joto lote lile. Nikamfunika Donya taulo, nikapandisha vyuma vya kitanda, nikamwambia binti yake asimwache, nikaondoka. Madamu akaita, "Florabel! Rudi umalize!" Sikurudi. Saa mbili mapigo ya moyo ya Nelia yalikuwa themanini na nane. Sasa nikahesabu mia na ishirini na nne, na jasho lake la baridi. Presha ilikuwa haijashuka sana, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nikafunua blanketi. Godoro limelowa damu, tumbo laini, kizazi hakijajikaza. Nikaanza kukikanda huku napiga kelele aitwe daktari.

Amepona, Nanay. Lakini Donya alikaa dakika ishirini na sabuni mgongoni, na diwani akamkuta hivyo hivyo. Loo! Sasa chuo kinataka nitie sahihi karatasi ya kuomba radhi: "Nilimtelekeza mgonjwa niliyepangiwa." Nisiposaini, tarehe tano Machi sitavishwa kofia ya uuguzi na wenzangu, na nitarudia mwaka mzima wa mazoezi ya wodini. Niambie cha kufanya.

Binti yako,
Florabel

&nbsp;

San Remigio, 18 Februari 1994

Inday, binti yangu,

Nimekusoma mara mbili, miwani ikiteleza kwa jasho. Kifua kinaendelea vizuri, usinibadilishie mazungumzo. Umekula? Nimempa kondakta samaki wakavu akuletee, usiwagawe wote kwa wenzako.

Saini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama miaka thelathini. Madaktari wa mjini waliniita mchawi wa vitovu mbele ya wagonjwa wangu, nikasema ndiyo daktari, asante daktari, nikarudi nyumbani kuendelea na kazi. Karatasi ni karatasi tu. Nelia yu hai, wewe unajua ulichofanya, na Mungu anajua. Unataka nani mwingine ajue? Vaa kofia yako kwanza, ubishi utaufanya ukiwa nayo kichwani. Kichwa hicho kigumu umekirithi kwa marehemu baba yako, si kwangu.

Nanay yako

&nbsp;

Iloilo, 22 Februari 1994

Nanay,

Mkono wako tena kwenye paji langu, na hasira zangu usizihesabu kuwa utovu wa adabu. Samaki wamefika. Nimegawa wote.

Sisaini.

Ungekuwa uwongo mdogo ningeinama. Kama wangeandika "nilimkasirisha diwani", ningesaini kwa mikono miwili. Lakini neno lao ni nilimtelekeza. Nani? Donya alikuwa na taulo, vyuma vya kitanda, binti yake, na sauti inayosikika mpaka bandarini. Nelia alikuwa na nini? Darasani Madamu huyo huyo ndiye aliyetufundisha: usimwangalie anayelia zaidi, mwangalie anayebadilika. Nikifanya alichofundisha, naambiwa sina nidhamu!

Na unajua kwa nini Nelia hakuita? Jana nilimuuliza. Akasema, "Niliona aibu, dada. Ulikuwa na mtu mkubwa." Alihisi damu inatoka, akavuta blanketi ili asinisumbue. Nusura afe kwa adabu, Nanay! Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini sisi huku tunakipigia makofi.

Nikisaini, wenzangu kumi na wanane wote watajifunza kwamba sabuni ndiyo inatangulia. Basi nirudie mwaka. Nirudie hata miwili.

Ukinikasirikia, nikasirikie kwa barua. Usininyamazie.

Florabel

&nbsp;

San Remigio, 2 Machi 1994

Inday,

Najua umengoja. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu, na aibu ni mbaya kuliko kikohozi.

Jumamosi chuo kilinitumia ile karatasi yao. Mwanafunzi akikataa, kumbe mzazi anaweza kumsainia. Walikwishaweka hata alama ya msalaba mahali pa sahihi, wakidhani sijui kuandika. Ikakaa mezani siku tatu, naizunguka tu.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwaka wa sabini na moja, wanawake wawili walishikwa na uchungu siku moja. Mke wa kapiteni, mkuu wa kijiji, alikuwa anapiga mayowe, na kapiteni amesimama mlangoni. Basilisa, mke wa mkata miwa, alijifungua salama kabla yake, akalala kimya. Nilikwenda kumchungulia mara moja. Akaniambia niko sawa, nenda kule unakohitajika. Nikamsifu, Inday. Nikamwambia, wewe ni mfano kwa wanawake wote. Niliporudi alikuwa maiti, ameshapoa.

Hakuna aliyenilaumu. Mumewe aliniletea kuku wa shukrani, kwa kuwa nilihangaika. Nilimchinja, nikampika, nikamla. Tangu hapo kila aliyeniita mchawi wa vitovu nilimwinamia, kwa sababu moyoni nilijua nastahili jina baya zaidi. Wewe hustahili.

Karatasi nimeirudisha. Palipoandikwa "mzazi anakiri kosa la mwanawe", nimekata mstari, nikaandika kwa mkono wangu huu: "Mwanangu alimwacha mtu mwenye sabuni akaenda kwa mtu mwenye damu. Sabuni haijaua mtu. Mwulizeni Madamu alikuwa anaangalia nini." Nikatia sahihi jina langu zima, herufi zote, nikauacha msalaba wao peke yake.

Huenda nimekuharibia kabisa. Kama nimekuharibia, tutaharibikiwa wote wawili.

Nanay yako

&nbsp;

Iloilo, 6 Machi 1994

Nanay yangu,

Leo nimeubusu mkono wako kabisa, paji la uso halitoshi. Barua yako nimelala nayo.

Hukuniharibia. Hawakuniita jana, ila hata kabla ya karatasi yako walikuwa wameshaamua. Walivishwa kumi na wanane. Nilikaa nyuma na nguo yangu nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe, nikapiga makofi kila jina liliposomwa. Nililia kidogo ilipopita herufi yangu, sikufichi.

Mwishoni Madamu Villaruz akanifuata mlangoni, mbele ya wazazi wa watu. Karatasi yako alikuwa ameisoma, nilimwona machoni. Akasema, "Mwaka mzima, Florabel. Umepata faida gani?"

Nikamwambia, "Nelia ananyonyesha, Madamu."

Akaondoka. Kesho saa moja asubuhi naanza mwaka upya, wodi ile ile, mwalimu yule yule.

Binti yako asiye na kofia,
Florabel