Hesabu ya Rika la Baba

Kemambo, Tarime

Dada yangu Beatrice,

Shikamoo. Habari za chuo, na hiyo Musoma inakutunza? Huku tu wazima. Mama anakusalimu, na Joel wako ameota meno, anayajaribia kwenye vidole vyangu.

Najua unachosubiri ni habari za kliniki. Ulipoondoka baba aliendelea kukataa Joel asianzishiwe dawa ya selimundu, huo ugonjwa wake wa damu. Alisema mtoto aachwe akomae kwanza, dawa ya kila siku itamlegeza. Sababu yake ni ileile: katika rika lake Mogesi na Heche wana selimundu tangu kuzaliwa, hawakuwahi kumeza kidonge, na leo wana wajukuu. Halafu ikavuma sokoni kwamba hata mtafiti amekuta kwenye kumbukumbu za kliniki kuwa waliochelewa kuanza dawa ndio walioishi zaidi. Baba akatembea kifua mbele kijiji kizima. Mama akamwambia kama anazipenda hivyo kumbukumbu, akazitolee ng'ombe wa mahari.

Basi mtafiti mwenyewe, daktari Odongo, Mjaluo, akaita wazazi pale Bomani aeleze. Wazee wakataka Kikurya, mkalimani hakutokea, na nesi Teresia akaninyooshea kidole mimi kwa sababu ya sare ya shule. Dada, unanijua. Hata kuomba chumvi dukani naona haya. Nilisimama hivyo hivyo.

Daktari alisema hesabu ya kwanza, iliyoanzia siku ya kuzaliwa, iliwadanganya. Ugonjwa mtu anazaliwa nao, lakini faili linafunguliwa siku anapofika kliniki. Anayefika na miaka kumi ameshaivuka hiyo kumi. Wenzake waliokufa wadogo nyumbani hawana faili, kwa hiyo hakuna anayewahesabu. Walipomhesabu kila mtu kuanzia siku aliyofika, na kumlinganisha na wa umri wake, walioanza mapema ndio walioonekana kuishi zaidi.

Nilitafsiri, wazee hawakuelewa. Mmoja akauliza kama huyu binti wa Marwa anaelewa anachosema. Ndipo likaja lile la rika: kwamba mtu anaingia rika siku ya jando, kwa hiyo anayekufa mtoto hana rika. Ukiwatafuta wagonjwa ndani ya rika utawakuta Mogesi na Heche tu, maana wengine hawakufika jandoni. Daktari, ambaye Kikurya hajui hata salamu, alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Baba akasimama polepole, akamtaja Daudi, mdogo wake, ambaye mimi sikuwahi kumsikia. Alikuwa akilia mifupa kila baridi ikija, akafa kabla ya jando. Baba alisema hajawahi kumhesabu.

Dada, ameanza! Alhamisi baba alimbeba Joel mwenyewe kwenye bodaboda, mimi nyuma yao. Joel akaitema dawa kwenye shati jeupe la babu yake, baba akacheka mpaka nesi akatushangaa, kisha nesi akampa Joel nyingine.

Sasa nikukirie. Daktari hakusema neno hata moja kuhusu rika. Nililitia mimi. Nilijisikia mwongo wiki nzima, na huku baba anamsifu Mjaluo huyo kila mahali. Jana nikimpa Joel dawa, baba aliniuliza daktari aliyajuaje mambo ya jando letu. Nikainama kumfuta Joel mdomo. Baba akasema, akinitazama mimi, nikimwona huyo daktari nimwambie ahsante.

Usome vizuri, na ukija likizo uje na nguvu: mwanao amekuwa mzito.

Mdogo wako akupendaye,
Esta