Vidole Vitatu vya Kitambaa

Baba,

Bado nashona hapa Makambako, kibaraza kile kile. Mitumba imejaa sokoni, siku hizi nguo mpya sishoni sana, napunguza na kuongeza tu. Kuongeza ulinizoesha wewe.

Biashara ilipoachiwa huru uliacha jembe kijijini Yakobi, ukashika usukani wa fuso la viazi vya Iwawa. Kila mwaka ulinijia na suruali ya kijivu: "Lusia, achia kidogo." Nilikuwa nimekuwekea vidole vitatu vya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, maana nilijua utarudi. Nikisema, "Baba, umenawiri!" unacheka, unachomoa cheti cha hospitali. "Sukari safi!" Hata makuli walionyeshwa.

Cheti hakikudanganya. Ndicho kinachoniuma. Moyo wako ulisimama pale stendi, nacho kiko mfukoni.

Baada ya kuanua tanga nilimpeleka mdogo wangu Erasto kupimwa Njombe, maana ndiye aliyeshika usukani wako. Alikwenda bila kula. Naye sukari safi. Daktari hakuridhika. Aliiona futi yangu ya kupimia nguo shingoni, akaiomba, akamzungushia Erasto kitovuni. Kisha akapima mafuta ya damu, yakawa juu. Akasema mwili huenda umeanza kuigomea insulini, ile inayoshusha sukari, kongosho likawa linaimwaga zaidi na zaidi, na sukari ikabaki sawa kana kwamba hakuna neno. Kiuno na mafuta ya damu si uhakika, akasema, ila hudokeza mapema hatari ya sukari na ya moyo.

Futi yangu, Baba! Daftari langu lina kiuno chako cha miaka tisa, na kila mwaka kimeongezeka. Niliziona namba zote, nikazishangilia. Mjinga mimi.

Hata suti ya kukuzikia sikuhitaji kukupima.

Juzi Erasto kaja na ile suruali ya kijivu. "Dada, achia kidogo." Kilibaki kidole kimoja cha kitambaa nyuma. Nimekikata, nikakitia motoni. Kanuna, hajala kwangu siku mbili. Na anune! Nakuahidi nitampima kila mwisho wa mwezi, kitovuni, na namba nitamsomea kwa sauti, hata mbele ya wateja.

Pumzika, Baba. Nisamehe. Kila uliponiambia niachie, niliachia.

Binti yako,
Lusia