Vilima vya Gikundiro kule Mars

Victoire, uko wapi weye? Jibu.

Gikundiro ametoka kutetea mémoire yake, ile kazi ya kumaliza chuo, sasa hivi. Imekufa. Imekufa mbele ya mama yake, aliyeshuka jana kutoka milimani Rurambo.

Unajua zile picha za sayari Mars alizoshinda nazo miaka miwili, zenye kupigwa na chombo kinachozunguka kule juu? Alihesabu vilima mia mbili na kumi na moja. Mémoire nzima ni vile vilima.

Madame Anne-Marie wa jury, wale wanaopima kazi, akauliza jambo moja tu: "Mademoiselle, jua linapiga kutoka upande gani?"

Gikundiro akaonyesha upande wa juu wa picha.

Madame akachukua karatasi ya picha, akaigeuza juu chini. "Angalia tena."

Victoire, ni mashimo. MASHIMO! Kumbe jua lilipiga kutoka chini ya picha, vivuli vikamudanganya. Sisi wote mule salle tuliona vilima vikizama, vyote.

Unajua alisema nini? "Merci, Madame." Basi. Hakulia. Akakunja waya wa kompyuta polepole, kama muntu anayekunja nguo za mwingine.

Nje, mama yake, ambaye hasikii Kifaransa, akamushika mikono: "Wamesema nini?"

"Nilihesabu vibaya, mama."

"Vyenye ulihesabu vimeondoka?"

"Hapana. Vingali pale."

"Basi utahesabu tena."

Gikundiro akaitika tu, kama mutoto anayetumwa maji.

Sasa amekaa hapa kwangu Songo, viatu bado mguuni. Ugali hajagusa. Kuja, Victoire. Miye sijui nimuambie nini.