Siku Wamama wa Vidole Vilivyopinda Walipocheza

Mama yangu mupendwa,

Keti vizuri kabla Zaina hajaanza kukusomea, maana bahati ya mwana wako inaweza kukuangusha. Muheshimiwa, ule mukubwa wa serikali, alipopita hapa Kasongo alinishika mukono mbele ya watu wote, akaniita "Prezida"! Mimi, niliyeacha masomo mwaka wa tano wa primeri! Ile habari ya dawa ya rimatisi yako ya viungo, niliyokuahidi mbele, tumeimaliza, mimi na yeye, wanaume wawili. Dawa iko njiani, itafika mpaka kwenu Wamaza, kule Kabambare.

Na wewe unaamka namna gani? Magoti? Vidole vinafunga kidogo, ama bado vinakataa hata mwiko? Zaina, dada yangu, alinitumia habari kwa mufanyabiashara wa muchele kwamba kila siku ya soko unakwenda kwa miguu mpaka kituo cha afya kuuliza: "Dawa ya Amuri imefika?" Eh, mama. Kwa magoti yale!

Mimi niko muzima. Pikipiki yangu inajulikana Kasongo kuliko soko. Lakini nikueleze mimi ni prezida wa nini. Jirani yangu Mama Asina, yule wa kuuza sombe, majani ya muhogo, iko na ugonjwa kama wako. Vidole vimepinda, haviwezi kunishika kwenye pikipiki. Nikamufunga mugongoni kwa kitenge kama mutoto, tukaenda hospitali. Barabarani wenzangu wanapiga kelele: "Amuri, umezaa! Mutoto iko na mvi!" Mama Asina akawajibu: "Na bado nanyonya!" Tulicheka karibu tuanguke.

Hospitali hatukucheka. Munganga alisema ni uzee. Nikamwambia: "Munganga, huyu ni mudogo kwako." Akasema ukweli: "Malaria iko na pesa yake, kolera iko na yake. Huu wa viungo serikali haijauwekea kitu. Hakuna anayehesabu wagonjwa, hakuna anayelipwa kuuchunguza. Mimi niko na vidonge vya maumivu tu."

Basi nikazunguka, pikipiki na mudomo wangu. Nikakusanya wamama wenye mikono kama yako, wakanichagua prezida kwa sababu napiga kelele. Tulitaka kuomba vitu vya wazi: ugonjwa uingie katika mipango ya serikali, waganga wapewe pesa wachunguze kwa nini unakamata wamama wetu wangali na nguvu, na dawa yenyewe ifike mpaka vituo vya Kabambare.

Siku ya muheshimiwa, unajua desturi yetu: mugeni mukubwa hapokelewi na malalamiko, anapokelewa na ngoma. Na nani anakwenda mbele ya mukubwa na mikono mibaya? Wamama wakavaa kitenge cha namna moja, wakapaka mafuta, wakameza vidonge vyote vya nyumbani ili magoti yakubali. Mama, walicheza! Mama Asina alificha vidole ndani ya kitambaa, akazungusha kiuno kama bibi harusi. Muheshimiwa akapiga makofi: "Kumbe wamama wa Kasongo muko na nguvu hivi! Rudieni!" Wakarudia. Nikasogea niseme maneno yetu. Akanishika mukono: "Prezida, kikundi chako cha ngoma ni kizuri sana." Picha. Mulango wa gari. Vumbi.

Mama Asina alikaa chini palepale, hakuweza kusimama tena. Akaniambia: "Amuri, tumecheza vizuri sana. Hiyo ndiyo imetumaliza."

Tangu siku ile binti yake anamulisha. Lakini ameshasema: mukubwa mwingine akikuja, nimufunge tena mugongoni, yeye atavaa nguo ya shamba, na vidole viwe nje.

Unisalimie mujomba mwenye shamba la muhogo, umwambie pikipiki yangu bado inashinda baiskeli yake. Salimia shangazi anayekuchotea maji, Mungu amulindie mikono yake. Na wewe Zaina, musomaji wetu, hapa chini soma polepole, usiruke kitu.

Ni mimi mwana wako, prezida wa ngoma, Amuri.

Mama, usitembee tena kwenda kuuliza. Hakuna dawa iko njiani. Muheshimiwa hakusikia hata neno letu moja. Nilikudanganya.